Naombwa orodha ya ninavyovipenda mtandaoni, lakini sikumbuki vilisema nini

"Shikamoo. Niko mwaka wa kwanza, nasomea ualimu wa Biolojia na Jiografia. Wenzangu darasani wamenipa kazi ya kuandika orodha ya vitu ninavyovipenda mtandaoni: chaneli za video, podikasti, tovuti na vitabu, ili watakaoingia mwaka ujao waanzie hapo. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi, maana kwenye simu nimefuata chaneli zaidi ya arobaini na PDF nilizonazo hazihesabiki. Nilipokaa kuandika kwa nini napendekeza kila moja, nikakwama. Nakumbuka kwamba niliipenda, sikumbuki ilisema nini. Ninayekaa naye chumba kimoja anasema video ni za wavivu, nisome vitabu. Mimi najijua ni mtu wa kuona, nikishika kitabu nasinzia. Halafu vile vya Kiswahili naona aibu kuviweka, nitaonekana bado niko sekondari. Niandike nini? Na je, akili yangu ina tatizo? Bando nalo linaisha kabla ya wiki."

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile linalokutisha: kwa haya uliyoyaeleza, akili yako haina tatizo. Nimekaa kwenye dawati la maktaba ya chuo miaka mingi, na kila muhula swali lako hunijia kwa sura nyingine: "Nilikesha nikisoma, nikaingia kwenye chumba cha mtihani sikuona kitu." Wanafunzi wengine hulileta matokeo yakishabandikwa. Wewe limekukuta mapema kwa sababu wenzako wamekuomba jambo ambalo simu haijawahi kukuomba, yaani usimulie ulichokiona.

Kukutana na kitu ukakitambua, na kukitoa kichwani mwenyewe, ni kazi mbili. Unapishana na mtu kituo cha daladala, sura yake unaijua kabisa, mmesoma wote, lakini jina haliji mpaka ameshafika mbali. Ndivyo unavyozijua hizo chaneli arobaini. Picha ya chaneli ikitokea kwenye kioo cha simu, moyo unasema "hii naijua, nzuri sana", na kweli unaijua, kama ile sura. Orodha inataka jina. Mtihani unataka jina. Na siku ukisimama mbele ya Kidato cha Pili na chaki mkononi, hakuna picha itakayokukumbusha.

Kusahau kwenyewe ni kwa kila mtu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana yoyote kisha akipima kilichobaki, na matokeo akayachapisha mwaka 1885. Ndani ya saa moja zaidi ya nusu ya jasho lake lilikuwa limekwenda. Zile zilikuwa silabi tupu, na jambo lenye maana hudumu zaidi, lakini mwendo ni ule ule: mteremko mkali mwanzoni, kisha unalegea. Na dawa yake si kutazama tena. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma. Kundi moja lilisoma mara nne. Jingine lilisoma, kisha likaweka karatasi pembeni na kuandika lilichokumbuka, mara tatu. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara nne waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka walitoa asilimia 61 ya kifungu, wale wa mara nne asilimia 40. Nakuomba uzitazame vizuri hizo dakika 5 za mwanzo, maana ndizo zinazotudanganya wote. Ukirudia video ile ile usiku wa leo, usiku wa leo utajiona bingwa.

Sasa mwenzako wa chumbani. Amekosea kuita video uvivu, ila kuna kitu amekiona. Mwaka 2013 mtafiti Shana Carpenter na wenzake walitengeneza video mbili fupi, za kama dakika moja, zikieleza kwa nini paka wa rangi tatu karibu wote ni majike. (Wewe wa Biolojia utalipenda hili: jeni inayoamua kati ya rangi ya chungwa na nyeusi imekaa kwenye kromosomu X, dume anayo moja, jike anazo mbili, na kila seli ya jike huzima mojawapo, basi manyoya yanatoka viraka viraka.) Mwalimu alikuwa yule yule na maneno yale yale. Kwenye video ya kwanza alisimama wima, akawatazama watu machoni, akaongea kwa mtiririko. Kwenye ya pili aliinamia karatasi na kusoma kwa kusitasita. Waliotazama ya kwanza walitabiri kwamba watakumbuka mengi zaidi. Walipopimwa, makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa.

Chaneli unazozipenda zinaendeshwa na watu wanaojua kuongea, wenye michoro inayocheza na muziki nyuma. Ufasaha wao umeuhesabu kuwa ujuzi wako. Hilo ni kosa la kawaida kabisa, na mhadhara mzuri wa ana kwa ana nao hutufanyia vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba baada ya mhadhara unatoka nje, unakutana na wenzako, mnabishana. Baada ya video inakuja video nyingine.

Na inakuja kwa sababu imepangwa ije. Mwaka 2012 YouTube walibadilisha kipimo cha mfumo wao wa mapendekezo: badala ya kutazama zaidi video imefunguliwa mara ngapi, wakaupa uzito muda ambao watu wanabaki wakitazama. Hakuna ubaya uliofichwa hapo, ni biashara inayoishi kwa matangazo. Lakini jiulize, katika hizo arobaini, ni ngapi ulizitafuta ukiwa na swali, na ni ngapi zililetwa zikakukuta umelala? Nakuomba kwenye orodha yako ziingie zile za kwanza tu.

Kuhusu kuwa "mtu wa kuona", hapa nitakupinga waziwazi, kwa sababu unasomea ualimu na usipoliacha hapa utalipeleka darasani. Dhana ya kwamba kila mwanafunzi ana mtindo wake wa kuzaliwa nao, huyu wa kuona, yule wa kusikia, mwingine wa kushikashika, imeenea mpaka kwenye semina za walimu. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwepo. Walitaka ushahidi mmoja tu: kwamba "mtu wa kuona" akifundishwa kwa kuona anafaulu zaidi, na "mtu wa kusikia" akifundishwa vile vile anafaulu pungufu. Tafiti zilizopangwa sawasawa zilikuwa chache mno, na kati ya hizo nyingine zilikwenda kinyume na dhana yenyewe. Kupenda kupo, sikatai. Mtu anaweza kupenda chai ya tangawizi kuliko uji, lakini tumbo lake linaweza uji. Kinachoamua njia ni jambo lenyewe. Bonde la Ufa linataka ramani kwa kila mtu. Matamshi yanataka sikio kwa kila mtu. Seli inavyogawanyika ni mwendo, kwa hiyo video inafaa kuliko kurasa tatu za maneno. Lakini hoja ndefu, yenye "ikiwa" na "isipokuwa", inakutaka urudi nyuma mstari mmoja, ulinganishe na aya ya jana, uweke alama, na hapo kitabu hakina mpinzani.

Podikasti ziko katikati. Kusikiliza si duni kuliko kusoma endapo umetulia, lakini sauti haimsubiri msikilizaji. Ukisikiliza huku unafua, akili ikienda kwenye povu dakika mbili, zile dakika mbili hazipo. Kwa hadithi na mazungumzo hakuna hasara kubwa. Kwa mzunguko wa Krebs, zile hatua nyingi ambazo seli hupitia kupata nishati, kaa chini.

Unasinzia ukishika kitabu. Nahisi sababu mbili, na hazihusiani na macho yako kupenda picha. Ya kwanza ni saa na mahali: kitabu cha kiada kinafunguliwa saa tano usiku, kitandani, baada ya simu kuchukua saa zote nzuri. Ya pili ni lugha. Umesoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, kisha kila kitu kikageuka Kiingereza, na kitabu cha chuo kinakurushia istilahi mpya kila mstari. Akili inayobeba lugha na Biolojia kwa pamoja huchoka haraka, na kuchoka kuna sura ya usingizi.

Ndiyo maana aibu yako kuhusu vya Kiswahili inanisikitisha. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Ujerumani mwaka 1963, na leo zote mbili zinasomeka na kusikilizwa kwenye simu. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada mtandaoni, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye msingi wake wa Kidato cha Tatu una mashimo haaibiki kurudi huko. Aibu ni kuruka juu ya shimo. Nakushauri uanze kwa Kiswahili kuipata picha, kisha uhamie Kiingereza kuipata kazi yenyewe, maana mtihani utakuja kwa Kiingereza. Sitakudanganya: makala nyingi za Wikipedia ya Kiswahili ni fupi mno, nyingine mistari mitatu minne tu, na kwa Biolojia ya chuo zitakuishia njiani. Ziandike kwenye orodha hivyo hivyo, "pa kuanzia", bila kuzipamba wala kuzificha. Mwanafunzi wako wa kesho akikwama, utamweleza kwa Kiswahili kwanza, hata kama mwongozo unasema vingine.

Kabla ya kumwelekeza mtu kwenye chanzo, kipime. Na hapa wasomi wenyewe wamewahi kupatikana. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa mwaka 2017 utafiti uliowalinganisha wanahistoria 10, wanafunzi 25 wa chuo hicho, na watu 10 ambao kazi yao ni kuhakiki habari. Waliwapa tovuti za kutathmini. Wanahistoria wengi na wanafunzi wengi walisoma ukurasa wenyewe kwa makini, juu hadi chini, wakatazama nembo, mpangilio na sehemu ya "kuhusu sisi", na nembo nzuri ikawapoteza. Wahakiki hawakukaa. Mara walipofika waliufungua ukurasa mwingine pembeni kutafuta wengine wanasema nini kuhusu hao waandishi, ndipo wakarudi. Fanya hivyo kwa kila jina utakaloliweka. Dakika tatu zinatosha: ni nani, anasomea au kufundisha nini, analipwa na nani, wanaomkosoa wanasema nini. Chaneli ya "tiba" inayouza dawa chini ya kila video haihitaji hata hizo dakika tatu.

Sasa orodha yenyewe. Weka simu chumba kingine. Chukua karatasi, andika majina ya vyote unavyovikumbuka bila kutazama. Vile ambavyo hata jina halikuja vimejiondoa vyenyewe. Mbele ya kila jina andika sentensi mbili za kitu ulichojifunza hapo, kitu mahususi, siyo "inaelezea vizuri". Palipobaki wazi, acha wazi. Kisha vichukue vile unavyoona vinastahili nafasi ya pili, tazama au soma sehemu moja tu ya kila kimoja, funga, andika. Subiri wiki, andika tena bila kurudi. Nadhani kati ya arobaini utabaki na sita, saba hivi, na usione ni hasara. Kumwambia mtu "soma hiki" ni kumdhamini, kama unavyomdhamini mtu kwenye mkopo: unaweka jina lako.

Na kila kimoja kieleze kinamfaa nani, kimekufanyia nini, kinapungua wapi na kinakula bando kiasi gani. Nikutolee mfano mmoja wa namna ningeandika mimi: "Kitabu cha Biolojia cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Ni bure na ni halali kukipakua. Kimenisaidia kutofautisha mitosisi na meiosisi, namna mbili za seli kugawanyika, kwa sababu michoro yake inawekwa sambamba. Mifano yake mingi ya mimea na wanyama ni ya Marekani, utahitaji kutafuta ya kwetu. Faili zima ni zito, lichukue kwenye waifai ya maktaba au soma sura moja moja." Mwanafunzi mgeni akisoma hivyo anajua anaingia wapi. Akisoma "OpenStax, noma sana", hajaambiwa kitu.

Vingine ninavyowapa watu wa kozi yako ni vichache. Kwa makala za utafiti kutoka Afrika ningeanza na African Journals Online, mkusanyiko ulioanza mwaka 1998 ambao una majarida mengi ya vyuo vyetu, mengi yake ya kusomwa bila malipo. Kama una rafiki anayesoma Kiswahili, mwambie kuhusu Swahili Forum, jarida la wazi linalotolewa Ujerumani tangu mwaka 1994, lenye makala kwa Kiswahili chenyewe. Usiwape wageni wa mwaka wa kwanza makala za utafiti kama chakula cha kila siku, watavunjika moyo. Muhula wa kwanza kitabu kimoja cha kiada kilichosomwa kwa karatasi na kalamu kinatosha sana.

Na riwaya? Weka moja, ile uliyoisoma ukasahau kula. Hiyo haihitaji kujitetea.

Bando linaisha kwa sababu ya video, na humo unaweza kuokoa zaidi ya nusu bila kuacha unachokipenda. Shusha ubora wa picha: mwalimu anayechora ubaoni anaonekana vizuri hata kwenye ubora wa chini. Maandishi matupu ni mepesi kuliko unavyodhani, sura nzima ya kitabu isiyo na picha hula chini ya dakika moja ya video ang'avu. Kisha kuna Kiwix, programu ya bure iliyoanza mwaka 2007, inayokuwezesha kupakua Wikipedia nzima ya lugha fulani mara moja na kuisoma bila intaneti. Ya Kiswahili ni ndogo, inaingia kwenye simu ya kawaida. Ya Kiingereza nzima ni kubwa mno, lakini kuna vipande vyake vya masomo mbalimbali. Pakua mkiwa chuoni, rudi nayo nyumbani likizo hata kama mtandao kule unashikwa juu ya mwembe tu.

Kusoma kwenye simu nako kuna bei yake. Mwaka 2018 kulitoka uchambuzi uliounganisha tafiti 54, zenye washiriki zaidi ya 170,000, ukilinganisha kusoma kwenye karatasi na kwenye kioo. Kwa maandishi ya maarifa, karatasi ilishinda, na zaidi pale msomaji alipobanwa na muda. Kwa hadithi hapakuwa na tofauti. Kwa hiyo riwaya isome kwenye simu kwa amani; sura inayokusumbua, bumu (pesa yako ya mkopo wa chuo) likitoka, itoe nakala kwenye steshenari.

Nimesita kidogo kuhusu zile PDF zako. Nyingine ni halali, waandishi au vyuo wameziweka wazi. Nyingine, na hasa riwaya na vitabu vya waandishi wetu walio hai, zimeskaniwa na mtu na kuzungushwa kwenye makundi. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Najua kitabu kimoja kinaweza kula pesa ya chakula ya wiki, sitakuhubiria kana kwamba sijui. Lakini usiweke kiungo cha nakala ya wizi kwenye orodha yenye jina lako. Andika jina la kitabu na maktaba kinakopatikana.

Kuna mambo ambayo jibu langu haliyafikii. Kama herufi zinafifia, kichwa kinauma au machozi yanatoka ukisoma dakika chache, nenda kliniki ya macho kabla hujajiita mvivu wa kusoma. Nimeona wanafunzi waliohitaji miwani tu. Kama tangu utotoni unasoma polepole kuliko wenzako wote, unaruka mistari na kuchanganya herufi hata kwa Kiswahili, huenda ni disleksia, na hilo halina uhusiano na akili ndogo: mwone mshauri wa wanafunzi na uulize kama chuo kina kitengo cha wenye mahitaji maalumu, maana unaweza kuongezewa muda wa mtihani. Na kama huwezi kuiweka simu chini hata ukitaka, hulali, au hamu ya kila kitu imeondoka, video zile ambazo zamani ulizipenda sasa zinapita tu mbele ya macho, usingoje muhula uishe. Ofisi ya ushauri nasaha ipo kwa ajili hiyo, na ukiona uzito wa kuingia peke yako, nenda na huyo wa chumbani.

Kwa mengine yote, njoo maktaba, yako au yoyote iliyo karibu. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam iko wazi tangu mwaka 1967, na mikoani kuna matawi yake. Ukifika dawatini usiseme "naomba kitabu cha Biolojia", maana tutakupeleka kwenye rafu nzima. Sema "sielewi kwa nini seli inazima kromosomu X moja, nimesoma hiki na hiki, nimekwama hapa." Njoo na ile karatasi yako, hata ikiwa ina nafasi wazi nyingi. Tutaanzia kwenye hizo nafasi.